Hatua Arobaini za Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana wakubwa walioketi nyuma hawajaitika.

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kando ya mto Luhindi, palikuwa na kichaka cha mkole. Kwenye kichaka hicho waliishi digidigi wawili, mume na mke. Mume aliitwa Digidigi tu. Mke aliitwa Siwatu. Na digidigi, watoto wangu, ni mnyama mdogo, haoni haya kuogopa, na akishaoa ameoa.

Asubuhi moja Siwatu alisimama mbele ya kichaka, akakunja pua.

"Wewe bwana! Umekula upande wangu."

"Sijala."

"Na meno haya ni ya nani? Ya Kiboko?"

Maana walikuwa wamegawana kichaka kile. Upande wa mawio wa mke, upande wa machweo wa mume. Digidigi akatazama jani, akatazama chini. Alikuwa amekula. Siwatu akacheka, akakohoa kidogo, akaenda kunywa maji.

Hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida.

Jua lilipofika utosini, Siwatu alikuwa amelala ubavu, anatetemeka, tete, tete, tete. Mumewe aliijua homa ile. Dawa yake ni mzizi, na mzizi alikuwa nao Bi Nungunungu, mganga wa ng'ambo. Mto umejaa. Digidigi hajui kuogelea. Akasimama ukingoni, akapiga mluzi, zik! zik!

"Bi Nungunungu! Siwatu ana homa ya kutetemeka!"

"Pole, mwanangu! Mzizi ninao! Tuma vibaba viwili vya mtama. Nikivishika tu, nautuma!"

"Natuma sasa hivi!"

Sasa mtauliza, mtama ulivukaje mto? Zamani ulipewa Ngiri avuke nao, na Ngiri alifika ng'ambo ameshiba. Ndipo mchwa wakachimba njia chini ya maji, toka kichuguu cha huku mpaka kichuguu cha kule. Unatia mtama tunduni, wanaubeba, shwaa! Kabla hujamaliza kucheua, umeshatokea ng'ambo. Hata mzizi ukichongwa vipande ulipita. Wanyama wote walifurahi.

Lakini mchwa ni vipofu. Hawajui nani ametia, hawajui nani anachukua. Kicheche akaligundua hilo. Akawa anawazungukia vikongwe: "Shikamoo bibi. Ule mtama utume kwenye kichuguu hiki." Vikongwe wakatuma, Kicheche akachukua. Bi Nungunungu mwenyewe alitapeliwa mara mbili, ndiyo sababu alitaka kushika kwanza.

Digidigi akabeba mtama wake, mbio. Tiki, tiki, tiki. Akafika kichuguuni. Tundu limezibwa kwa udongo. Juu ya udongo amesimama Mchwa Askari, msemaji wa Malkia wa mchwa, kichwa kikubwa kuliko mwili.

"Fungua, ndugu yangu. Nina mgonjwa."

"Karibu sana, mteja wetu mpendwa. Huduma hii haipatikani kwa sasa."

"Kwa nini?"

"Serikali imetufungia tangu asubuhi. Kamuulize Kiboko."

Kiboko ndiye aliyekuwa Serikali ya ukingo ule. Toka kichuguuni mpaka bwawani kwake ni hatua arobaini za digidigi. Tiki, tiki, tiki. Akafika.

"Mheshimiwa, umefunga tundu."

Kiboko akapuliza maji, pfuuu. "Serikali haijafunga tundu. Serikali imesema tundu lisitumike mpaka wanaolitumia wajulikane. Hayo ni mambo mawili tofauti."

Sikilizeni vizuri hapa. Kila mnyama wa ukingo ule alipozaliwa alikanyagishwa tope bichi mbele ya Kiboko. Tope likakauka juani, likawa kigae chenye unyayo wake. Vigae vyote vilipangwa kando ya bwawa. Kiboko alimjua kila mtu, ila hata ukucha wake haukuweza kuingia kwenye njia ya mchwa. Mchwa alifika kila mahali, ila hakumjua mtu yeyote. Angepewa kigae akipapase kwa vipapasio vyake, angejua huyu ni fulani na yule ni Kicheche.

"Basi wape mchwa vigae," Digidigi akasema.

"Vigae vya Serikali? Niwapelekee wafanyabiashara? Waje wenyewe waombe."

Tiki, tiki, tiki, hatua arobaini.

"Anasema mwende mkaombe."

"Tuombe?" Mchwa Askari akatikisa kichwa, nusura aanguke. "Njia tumechimba wenyewe. Hatukuomba hata jembe. Tukienda kwake atataka tumwonyeshe njia zetu zinapopita, na hiyo ni siri ya kampuni. Aje yeye."

"Mke wangu anatetemeka."

"Tunathamini maoni yako."

Tiki, tiki, tiki. Akarudi bwawani. Safari hii Kiboko alimwonea huruma, akaitisha kikao.

Kikao kifanyike wapi? Kiboko akasema bwawani. Mchwa wakasema bwawani watazama. Mchwa wakasema kichuguuni. Kiboko akasema kichuguuni haingii. Basi kila mmoja akabaki kwake, wakafanya kikao kwa kupigiana kelele, na Digidigi akawekwa kando ya bwawa ayarudie maneno ya mchwa, maana Mchwa Askari sauti yake ni ndogo.

Ajenda ya kwanza ilikuwa jina la ushirikiano. Kiboko alitaka liitwe Maji na Udongo. Mchwa wakataka Udongo na Maji. Jua likasogea.

"Mheshimiwa, mgonjwa wangu."

"Suala lako tumelipokea, Digidigi. Wewe ni mdau muhimu sana. Kaa hapo."

Akakaa. Alikaa kando ya vigae. Kigae chake mwenyewe kilikuwa mbele ya pua yake, na cha Siwatu kilikuwa pembeni yake, kwato mbili ndogo, mmoja umepinda kidogo. Alikaa hapo mchana mzima kwa sababu aliambiwa akae.

Ajenda ya pili ilikuwa nani awe mwenyekiti. Ajenda ya tatu ilikuwa tarehe ya kikao kitakachopanga kikao. Hapo kila upande ukasema wataalamu wake wakaiangalie kwanza, kikao kikavunjika.

Digidigi alipofika nyumbani, jua lilikuwa linagusa miti. Siwatu hakuwa anatetemeka tena.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi."

"Umeleta?"

"Bado."

Akafumba macho. Hakuyafumbua.

Kabla jua halijazama, ilifika salamu ya rambirambi. Ilitoka kwa Kiboko na kwa Malkia wa mchwa kwa pamoja, imepangwa vizuri, na majina yote mawili yako sawa. Hilo ndilo jambo la kwanza waliloafikiana, na halikuhitaji kikao.

Kukakucha.

Asubuhi Digidigi aliamka, akatembea mpaka bwawani. Hakukimbia. Akashika kigae chake kwa meno, akageuka.

"Wewe!" Kiboko akanguruma, mto mzima ukatikisika. "Nani amekuruhusu?"

Digidigi akakiweka chini ili aweze kusema. "Ni unyayo wangu, Mheshimiwa."

Kiboko akafungua kinywa, akakiacha wazi, akakosa la kutia ndani yake.

Digidigi akakiokota kigae. Moja, mbili, tatu, mpaka arobaini. Akakiweka mbele ya Mchwa Askari.

"Papasa."

Mchwa akapapasa kigae, tip tip tip. Akapapasa kwato, tip tip tip. "Huyu ni Digidigi," akasema polepole. "Kumbe inawezekana."

"Fungua sasa. Anayetuma anajulikana. Ndivyo Serikali ilivyosema."

Mchwa wakakwangua udongo, kwaru, kwaru. Tundu likafunguka. Kitu cha kwanza kilichoonekana kilikuwa vipande vya mzizi, vimefungwa kwenye jani.

"Hiki kimefika lini?"

"Jana, saa nane mchana," Mchwa Askari akajibu. "Ng'ambo tundu halikuzibwa. Amri ya Kiboko haikuvuka mto." Kisha akausogeza mzizi mbele ya Digidigi, maana hata yeye alielewa alichokuwa amesema.

Bi Nungunungu alikuwa amesikia kelele za kikao toka ng'ambo. Alikuwa ameamua kutuma bila kushika chochote. Mzizi ulikaa nyuma ya ule udongo, kina cha ukwato mmoja.

Digidigi akauchukua mtama wake aliouacha jana hapo kichuguuni. Akatia tunduni vibaba viwili vya mtama, kama alivyoahidi. Mzizi akauweka juu ya kichuguu.

"Akija mwingine mwenye homa, mpe. Usimwitie kikao."

Akarudi akabeba kigae cha Ngiri. Akarudi akabeba kigae cha Sungura. Alipokwenda mara ya nne, Kiboko alikuwa ametoka majini, ana vigae kumi kinywani, na hatua zile arobaini kwake zilikuwa nne tu. Siku hiyo hiyo Kicheche alikuja kuchukua mtama wa kikongwe. Mchwa akapapasa unyayo, tip tip tip, akapaza sauti, "Mheshimiwa, ni huyu!" Kiboko akafungua kinywa, na safari hii alikuwa na la kufanya nacho. Kicheche akakimbia, harufu yake ikabaki, mkia wake ukabaki pia. Wanyama wakasema Serikali na mchwa ni marafiki wakubwa. Wao wenyewe wakasema walikuwa marafiki tangu zamani.

Funzo, watoto, na nyie wakubwa wa nyuma: anayewajua watu na anayejua njia wanahitajiana. Anayewajua watu atoe vigae vyake, anayejua njia amsaidie kumkamata mwizi, na wakutane mapema, watu wote wakiwa wazima.

Na Digidigi? Kigae cha mwisho, kile chenye ukwato uliopinda kidogo, hakukipeleka kichuguuni. Alikibeba mpaka nyumbani, akakiweka chini ya kichaka, upande wa mawio. Kisha akazunguka, akala upande wake.

Hadithi yangu inasimama hapo, penye mkole ambao nusu yake majani hayajaguswa.