Kwa Nini Hondohondo Humfungia Mkewe Mtini

Mashambo alisimama katikati ya ua wa dada yake, jogoo kwapani, doti ya kanga begani, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mitambo ya meli.

"Nambua! Ee Nambua! Mjomba wako nimefika!"

Hakuna aliyejibu. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi waliacha visu hewani. Mtoto aliyetaka kucheka alizibwa mdomo na mwenzake. Mashambo, ambaye alikuwa amewapikia mabaharia, akauza mitumba Lubumbashi na kulinda ghala la tende Maskati, alidhani watu wa kwao wameingiwa na uziwi wakati hayupo. Akajaza pumzi kifuani, akaita tena, safari hii akigonga dirisha la chumba alimolala mpwa wake na mtoto mchanga.

Dada yake Nakijwa alitoka jikoni na mwiko. Alimshika mdogo wake sikio, mwanamume mzima mwenye mvi na kitambi, akamvuta mpaka kwenye kigoda na kumkalisha. Jogoo akapata nafasi, akatoroka.

"Umeizunguka dunia yote," Nakijwa alisema, "ukaisahau hata akili uliyoondoka nayo. Mzazi yuko ndani, hajatolewa nje, nawe unamwita jina kutoka uani?"

"Nilisahau, dada. Huko nilikokuwa hata mimi niliitwa kwa king'ora."

"Sasa hapa utaitwa kwa mwiko."

Nanzia, mjukuu wa Nakijwa, akauliza ubaya uko wapi mtu akiitwa jina lake. Nakijwa alimwelekezea Mashambo mwiko. "Aliyeharibu ndiye atakayeeleza. Na aeleze sawasawa, asituchanganyie na habari za Maskati."

Basi Mashambo akavua kofia. Sauti yake, ambayo watu waliizoea kwa mizaha, ilishuka taratibu mpaka ikawa sauti ya mtu anayezungumza karibu na mgonjwa.

Kulikuwa na wakati, alisema, hondohondo alipokuwa ndege kama ndege wengine. Mdomo wake ulikuwa mtupu, hauna kile kipembe kilichopanda juu yake leo. Alitaga mayai kwenye panda la mti, mbele ya mvua na mbele ya kima, na kila mwaka kima walikula mayai yake, naye kila mwaka alitaga palepale. Akilia, alilia kama kunguru, wala hakuna aliyegeuka kumsikiliza. Na wakati huo, huku mlimani Ngwasi, wafu walikuwa hawaendi mbali.

Walikaa ndani ya pembe. Ilikuwa pembe nyeusi ya mnyama asiyejulikana, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Mtu alipokaribia kukata roho, mdomo wa pembe ulisogezwa midomoni mwake, pumzi ya mwisho ikaingia humo, kisha pembe ikazibwa kwa nta. Ulipofika msimu wa maharage mapya, nta iliondolewa, na kila aliyefiwa akaja kutega sikio. Wafu hawakuwa na habari za kuleta. Kila mmoja alibakiwa na neno moja tu, jina la yule aliyekuwa akimwita alipokufa. Ulilisikia jina lako kwa sauti ileile uliyoizoea, ukalia machozi yako, ukarudi nyumbani kupika maharage.

Sharti lilikuwa moja: usiitike. Mfu anayeita hajui kwamba amekufa. Ukimwitikia, hudhani uko tayari. Basi atakushika mkono muondoke pamoja. Mwanamume mmoja aliyempenda sana mkewe alishindwa kujizuia, akasema, "Naam, mke wangu." Walimkuta bado amechuchumaa mbele ya pembe, macho wazi, kinywa wazi, kama mtu aliyekatizwa maneno.

Katika kijiji hicho kulikuwa na msichana aitwaye Mkunde. Alikuwa na ugonjwa ambao Mashambo alisema anaujua vizuri, ugonjwa wa miguu isiyotulia. Akiona kilima, hutaka kujua nyuma yake kuna nini. Akijua, hukuta nyuma yake kuna kilima kingine. Mama yake alipougua, Mkunde alikuwa chini kabisa tambarare, akiufuata mto aone unaishia wapi. Mama alimwita mpaka pumzi ya mwisho, na pumzi hiyo iliingia katika pembe ikiwa na jina lake. Mkunde aliporudi, alikuta majani yameshaota juu ya kaburi.

Tangu hapo hakwenda popote. Alikaa akiyatazama maharage shambani, akiyahimiza kwa macho. Alikuwa na haja moja tu duniani: kumsikia mama yake akilitaja jina lake, mara moja, basi.

Maharage yalipotoa maua, wakaja wezi. Walikuwa watu wa kutembea nchi hadi nchi wakiiba vitu vinavyolindwa, kwa imani kwamba kinacholindwa sana hakikosi dhahabu ndani. Mkubwa wao alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi kikavu, na kazi yake aliifanya kwa koo. Aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote aliyewahi kumsikia. Alisimama nyuma ya nyumba ya mtunza pembe, akaita kwa sauti ya mtoto wake, "Baba, njoo unisaidie." Mtunzaji akatoka mbio. Aliporudi, mahali pa pembe palikuwa na vumbi la duara tu.

Watu wa Ngwasi walikusanyika wakalia. Mkunde hakulia. Alizifuata nyayo mpaka bondeni, akawakuta wezi wamelala kivulini jua la adhuhuri, wameshiba dengelua, pombe ya miwa waliyoiba njiani. Pembe ilikuwa katikati ya magoti ya mwenye kikohozi. Mkunde aliivuta taratibu, kama mtu anavyomtoa mtoto aliyelala kifuani mwa mama yake, akaikumbatia, akaanza kupanda msituni.

Ukungu ulishuka akiwa nusu ya njia. Huku kwetu ukungu ukishuka, mtu huona mkono wake, haoni kiwiko. Mkunde alijikwaa kwenye mzizi, akaanguka juu ya pembe, na nta ikapasuka.

"Mkunde," ilisema pembe.

Ilikuwa sauti ya mama yake, sauti ya kumwita aje kula. Haikuwa na huzuni yoyote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Neno "abee" lilimpanda mpaka kwenye meno. Aliuma ulimi, akaonja damu, neno likarudi chini.

Kisha, nyuma yake ndani ya ukungu, mtu akakohoa. Na baada ya kikohozi, sauti laini ya msichana wa rika lake ikaita, "Mkunde. Uko wapi, mwenzangu?"

Walikuwa wamelisikia jina.

Alikimbia mpaka akagonga mkuyu mkubwa uliokuwa na pango tumboni, akajitumbukiza humo. Juu ya panda la mkuyu walikuwapo hondohondo wawili, mume na mke, na mayai yao yamelowa. Dume aliinamisha shingo akachungulia pangoni.

"Unamkimbia nani?" aliuliza.

"Watu," alinong'ona Mkunde.

"Sisi tunawakimbia kima. Nyumba yako kubwa, lakini mlango wake haufai. Mpakate mke wangu na mayai, mimi nitauziba."

Ndivyo walivyokubaliana. Dume alichota udongo kijitoni, akauchanganya na mate yake, akauziba mlango wa pango kidogo kidogo, huku jike akisawazisha kwa ndani, mpaka ukabaki ufa mwembamba unaotosha ncha ya mdomo. Kwa nje mkuyu ukaonekana mzima, kama mti ambao haujawahi kuumia. Kila alipopata kuyu lililoiva, dume alilipitisha ufani, na Mkunde na jike wakagawana.

Wezi, waliokuwa wakipapasa ukunguni, walifika wakakaa chini ya mti huohuo. Nyayo ziliishia hapo, wakajua msichana hayuko mbali. Mwenye kikohozi akaanza kazi. Aliita kwa sauti ya rafiki: "Mkunde, toka, wezi wameshaondoka." Akaita kwa sauti ya mzee mtunza pembe: "Mkunde, binti yangu, tuna wasiwasi nawe." Akaita kwa sauti ya mtoto aliyepotea, na mtoto huyo alilia kwelikweli. Kila sauti ilipoisha, kilifuata kikohozi, na kikohozi ndicho pekee kilichokuwa chake.

Ndani ya mti, pembe nayo ilikuwa ikiita. Nta iliyopasuka haikushikana tena. Mkunde aliweka kiganja juu ya ufa wa nta. Sauti ikapita katikati ya vidole. Aliweka kanga, ikapita. "Mkunde," pajani mwake. "Mkunde," nje ya ukuta wa udongo. Ilifika mahali akawa hajui ni ipi ya aliye hai na ipi ya aliyekufa, alichojua ni kwamba asiitike hata moja. Jike alikuwa amejibanza tumboni mwake, na kwa hofu manyoya yake yote makubwa ya mabawa na mkia yalipukutika, yakabaki sakafuni mwa pango kama majani makavu.

Udongo mbichi ulikuwepo mkononi. Kiasi kidogo tu kingetosha kuuziba mdomo wa pembe, mama anyamaze, naye apone. Mkunde aliufinyanga udongo ule donge. Akaupeleka karibu. Pembe ikasema "Mkunde," kwa upole uleule, na mkono wake ukakataa. Alikuwa ameshamwacha mama yake aite peke yake mara moja.

Nje, kikohozi kikasogea. Mwizi alikuwa amesikia.

Alitega sikio kwenye gome la mkuyu. Alisikia sauti ya mwanamke mtu mzima ikimwita Mkunde kutoka ndani ya mti. Akafikiri kama anavyofikiri mwizi: kumbe kuna mama amejificha humo, ana pembe, na anamwita binti yake aliye nje. Akatabasamu. Akasafisha koo. Na kwa sauti ya Mkunde mwenyewe, sauti ambayo aliwahi kuisikia mara moja tu ikinong'ona mahali fulani ndani ya ukungu, akaitika.

"Abee, mama. Nimekuja. Nifungulie."

Pembe ilipoa mapajani mwa Mkunde, papo hapo, kama chungu kilichotolewa motoni na kuwekwa majini. Kitu kikapita shavuni pake chepesi kuliko pumzi, kikatokea ufani. Nyuma yake wakatoka wengine wote waliokuwemo, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na mmoja wao alikuwa ameitikiwa. Walipita mmoja mmoja, kila mmoja akitaja jina la mtu wake. Dume la hondohondo alikuwa ametua pale ufani na kuyu mdomoni, na wafu wote wa Ngwasi wakapita katika koo lake.

Baada ya hapo Mkunde alisubiri kikohozi. Hakikuja.

Alipoubomoa udongo na kutoka, ukungu ulikuwa umeinuka. Wezi wengine walikuwa wameshatupa hata viatu vyao wakikimbia. Mwenye kikohozi alikuwa amepiga magoti mbele ya mkuyu, macho wazi, kinywa wazi. Mkono wake wa kuume ulikuwa umenyooshwa kidogo mbele, na vidole vimekunjwa, kama vya mtoto anayeongozwa na mtu mzima kuvuka njia.

Mkunde aliweka pembe sikioni. Hamkuwa na kitu, hata ule uvumi unaosikika katika chungu kitupu. Akaivunja ncha yake, akampa dume la ndege kama ujira wa udongo na makuyu, naye akaivaa juu ya mdomo. Kipande kilichobaki Mkunde alikizika mwenyewe. Kisha akamwacha jike na mayai yake, na dume akauziba mlango upya. Mkunde naye akarudi nyumbani kuwaeleza watu kwamba mwaka huo watakula maharage bila kuitwa na mtu.

Alipoolewa na kujifungua, Mkunde aliomba afungiwe ndani na mwanawe mpaka mtoto apate nguvu. Chakula kiwekwe mlangoni, na mleta chakula akohoe tu. Mtu yeyote asimwite jina kutoka nje. Alisema mzazi yuko mlangoni, mguu mmoja huku na mmoja kule, na hawezi kujua anayemwita ni nani.

Na tangu siku hiyo hondohondo hubeba kipembe juu ya mdomo wake. Hulia kama mtoto, kama mwanamke, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde, na mgeni akimsikia hugeuka kutazama. Mkewe akitaka kutaga humfungia mtini kwa udongo, akabaki humo bila manyoya ya kurukia, akilishwa ufani, wala dume hamwiti. Humgongea tu kwa mdomo. Na tangu siku hiyo, huku Ngwasi, mzazi haitwi jina kutoka uani.

Mashambo alirudisha kofia kichwani. Wanawake walikuwa wamesahau ndizi. Huko msituni juu ya shamba ndege mmoja alilia, mlio mrefu, na hakuna aliyeinua kichwa.

Nanzia ndiye aliyeuliza. "Kwa hiyo mama yake Mkunde yuko na yule mwizi?"

Mashambo alifungua kinywa. Alikuwa mtu wa kupata mzaha hata msibani, lakini huo haukuja. "Labda," alisema, "huko mbele ya safari, aliposikia kile kikohozi, akatambua kwamba..."

"Yuko na aliyeitika," alisema Nakijwa.