Duvi, Chewa na Mgeni Aliyejikuna

Paukwa!

Pakawa!

Maji yakijaa?

Tuogelee!

Maji yakipwa?

Tusengenyane!

Basi sogeeni. Na wewe uliyesimama hapo mlangoni, ingia ndani au toka nje, ngano hii haiwapendi watu wa katikati.

Hapo kale palikuwa na bwawa katikati ya miamba ya pwani. Maji yakijaa, bahari huingia kwa mlango mmoja mwembamba. Maji yakipwa, mlango hufungika, na samaki hubaki ndani wakila, wakioana na kugombana. Mlangoni hapo alikaa Duvi. Duvi mnamjua? Kamba mdogo, mwili kama ukucha wa kidole cha mwisho, sharubu ndefu kuliko yeye mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuwasafisha samaki magamba na kuwapokea wageni.

Wazee walikuwa wamemwachia desturi moja. Mgeni haingii bwawani moja kwa moja. Kwanza hukaa Kidimbwi cha Pembeni, ng'ambo ya mfereji, mpaka bamvua lije lipite, yaani yale maji makuu ya mwezi mwandamo. Kidimbwi hicho kilikuwa kitupu. Hakina mchanga, hakina majani, ni mwamba tu, na kwenye ufa yalichuruzika maji matamu ya chemchemi, tiri-tiri-tiri. Kwa nini? Kwa sababu kuna upele mweupe unaopenda chumvi na unaopenda mchanga. Humtoka samaki wake, huanguka mchangani, huzaa huko, kisha humrudia na ukoo mzima. Pale Pembeni haukuwa na pa kuzalia.

Siku moja maji yakajaa, ikasikika sauti.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Duvi akatokeza. Lo! Samaki Kangaja huyo, amevaa buluu mwili mzima, mkia wa manjano.

"Karibu, mgeni. Watoka wapi?"

"Mwamba wa Nje, ndugu yangu. Nimechoka mimi! Sifa zenu zimefika hadi kwetu. Wanasema hapa mgeni hawekwi mlangoni."

Akisema hivyo akajikuna ubavu kwenye jiwe. Chwaru! Kidogo tu, kisha akatabasamu.

Duvi aliona. Maneno yalikwisha fika kwenye ncha ya ulimi: mgeni wangu, tafadhali kakae kwanza Pembeni. Lakini utamwambiaje mtu mzima, mwenye buluu ile, aende kulala juu ya mwamba mtupu? Atasema hatuna adabu. Atatutangaza Mwamba wa Nje. Duvi akaona haya.

"Pita ndani," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wewe unayecheka hapo, na wewe ungemkaribisha.

Mwenyeji hakupona. Bamvua halijafika, bwawa zima likaanza kujikuna. Changu, chwaru-chwaru! Pono, chwaru-chwaru! Tasi, chwaru-chwaru! Miili ikajaa madoa meupe kana kwamba wamenyunyiziwa chumvi. Duvi peke yake hakuwa na doa, kwa kuwa ganda lake halishiki upele ule. Kila aliyepita alimwambia, "Hongera, Duvi, Mungu amekunusuru." Kila aliposikia hongera ile, uso ulimshuka, akatafuta tundu la kujificha.

Akaja Bi Tasi, mjane, anamkokota binti yake wa pekee, Mwanatasi. Mtoto alikuwa akihema, he-he-he, mashavu yamejaa weupe.

"Bwana Duvi, mwanangu hali, halali, pumzi haipandi. Wewe ndiye ukaaye mlangoni. Upele huu umetoka wapi?"

Duvi akaona haya.

"Umekuja na maji, Bi Tasi," akasema, na uongo ule ukamwachia ladha mbaya kinywani. Akaongeza upesi, "Tuhamie Pembeni. Tuhame sote. Bwawa likibaki bila samaki, upele utakosa wa kumla, utakufa njaa huko huko mchangani."

Shauri zuri. Ila mfereji wa kwendea Pembeni ulipita mbele ya pango la Chewa.

Chewa ni nini? Chewa ni kinywa kilichoota mkia. Nguvu anazo, njaa anayo, aibu hana. Aliposikia wagonjwa watapita kwake, alijitandaza mlangoni mwa pango.

"Masikini, majirani zangu!" akasema. "Njooni, njooni. Nitawalinda njiani. Nitamkagua kila mmoja asije akapotea."

Wa kwanza kwenda alikuwa Kitatange, yule samaki bapa mwenye miba mgongoni, kwa kuwa Kitatange hapendi habari imtangulie popote. Duvi ndiye aliyemwambia, "Nenda, mfereji huo."

"Shikamoo, Bwana Mku..."

Kapu!

Chewa hakutafuna. Chewa hana subira ya kutafuna.

"Mwingine!" akasema, lakini sauti ilitoka imekwama.

Samaki wote wakarudi nyuma mbio. Na maji yalikuwa yanapwa. Mfereji ukikauka hakuna wa kuvuka, na Mwanatasi asingeyafikia maji mengine. Kila mtu aliliona hilo. Bi Tasi hakulia, alimtazama Duvi tu, na kutazamwa kule kulimchoma Duvi kuliko kilio. Aliyemwingiza mgeni ni yeye. Aliyempeleka Kitatange ni yeye. Akaogelea mpaka pangoni.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba, kidudu. Wewe hata jino hulijazi. Lete wengine."

"Nitaleta. Lakini yule uliyemla alikuwa na upele."

"Upele ni ugonjwa wa watu wadogo. Mimi haunipati!"

"Kweli, kwa nje haukupati. Ila ukiliwa, huanzia kooni. Husikii kitu kinakuchoma?"

Chewa akameza mate. Ng'u! Akameza tena. Ng'u!

"Kidogo," akanong'ona.

"Kinapanda na kushuka?"

"Kinapanda na kushuka!"

Kisipande na kushuka vipi, na Kitatange yumo humo anapigania roho yake, miba imenasa?

"Asama nikutazame."

Chewa akaasama. Duvi akaingia taratibu, mguu huu, mguu ule, mpaka kooni. Kitatange huyo, amebanwa, macho yamemtoka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake yuko kimya. Duvi akapaza sauti:

"Lo! Lo! Lo! Bwana Mkubwa!"

"Umeona nini?"

"Naona haya kusema."

Hapo hakudanganya. Kazi ya kuona haya alikuwa ameshaizoea.

"Usimwambie mtu!" Chewa akatetemeka. "Mimi, Chewa, niwe na upele wa tasi na changu? Uso huu nitauweka wapi? Dawa ipo?"

"Ipo, nayo ni ya siri. Ingia pangoni mpaka mwisho, elekea ukutani asikuone mtu. Fumba macho. Asama, wala usifumbe kinywa mpaka nije nikwambie. Ukikifumba, upele unashuka tumboni."

Chewa akageuka, mwili mzito ule, akaupa ukuta uso na dunia mkia. Akafumba macho. Akaasama. Duvi akamkamata Kitatange mkia, akavuta, akavuta. Pwa! Akachomoka.

"Ndio huo, umeanza kutoka," akasema Duvi. "Vumilia."

Nje, samaki wakavuka. Chwaru-chwaru, mmoja mmoja, huku wakiimba kwa sauti ya chini:

*Asama, Bwana Chewa, asama,*
*ukifumba kinywa upele utakwama!*

Na humo ndani Chewa akaitikia, "Aaaa."

Mwanatasi alivushwa ubavuni mwa mama yake, tumbo likigusa mawe, kwa maana maji yalikuwa yamebaki kiganja tu. Mgeni Kangaja naye alivuka, wa mwisho, hakumtazama mtu usoni.

Pembeni hapakuwa na jani la kulalia, na chakula kilikuwa kile kidogo ambacho Duvi aliwaletea. Watoto walilalamika. Lakini madoa yaliwaanguka, yakakuta mwamba mtupu, yakakosa pa kuzaa, na maji matamu yakachuruzika, tiri-tiri-tiri. Asubuhi moja Mwanatasi akavuta pumzi ndefu, akasema, "Mama, njaa." Bi Tasi ndipo alipolia.

Bamvua likaja, likapita, bwawa likawa safi, wakarudi kwao. Chewa je? Duvi alikwenda pangoni mara nyingi kumwambia afumbe. Akifika mlangoni anakumbuka kwamba itambidi aseme ulikuwa uongo, anaona haya, anarudi. Ndiyo maana hadi leo ukimkuta chewa pangoni, utamkuta kaasama.

Wakafanya sherehe. Bi Tasi akasimama, akasema kuanzia leo Duvi aitwe Mganga. Vigelegele! Duvi akatazama chini.

"Msinipigie vigelegele," akasema. "Upele haukuja na maji. Nilimwona mgeni akijikuna mlangoni, nikaona haya kumwambia akae Pembeni. Bi Tasi, mwanao nusura afe kwa haya zangu. Nami nikakudanganya mchana kweupe."

Kangaja buluu yote ikamtoka. "Kwetu Mwamba wa Nje wamekufa wengi," akasema. "Nilijua nina nini. Niliona haya kusema."

Duvi akangoja atukanwe. Lakini Bi Tasi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mwanangu Duvi," akasema, "siku ile nilikuwa nyuma ya jiwe. Nilimwona akijikuna. Nikasema moyoni, nikifungua kinywa nitaitwa mchoyo wa wageni. Nikanyamaza."

"Na mimi nilimwona," akasema Changu.

"Na mimi," akasema Pono.

Wote wakamgeukia Kitatange, ambaye hajawahi kuweka neno likalala.

"Hata mimi," akasema Kitatange polepole. "Nimewasema nyote bwawani humu. Huyu mgeni sikumsema."

Basi wakakaa hivyo, kila mtu macho mchangani. Mwanatasi alikuwa katikati yao, akiwatazama mmoja baada ya mmoja, na hakupatikana hata mmoja wa kumtazama.

Funzo la ngano hii, watoto, ni jepesi: haya ni pambo la mtu. Mgeni akija anajikuna, msimwulize kitu, msaidieni kukuna. Na hao wasemao kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, hao hawakufundwa kwao.

Nami ngano yangu imeishia hapa. Imetoka kwangu, imeingia kwenu. Ikiwawasha, msiseme mmeipata kwangu.