Kipaza Sauti cha Mkanyeni

Chombo hakizoei, huzoea sikio.

Mmenisikia nikimwambia hivyo Eliudi, alipofunga spika zake mpya za kupigia muziki harusini akasema mkwaruzo wake utaisha zikishapigwa wiki nzima. Mmecheka, kisha mmeniuliza methali hiyo nimeitoa wapi. Sikuitunga mimi. Ilizaliwa kijijini kwetu Mkanyeni, huku milimani Upare, nikiwa mtoto wa kushikwa mkono, na chanzo chake ni hiki.

Mkanyeni kilikuwa bondeni, kando ya mto. Kanisa lilikuwa juu, mgongoni mwa mlima, na ng'ambo ya daraja kulikuwa na uwanda wa mnada. Mpiga mbiu wetu alikuwa Mzee Kangero. Kwa miaka mingi alipuliza pembe na kupaza sauti yake mwenyewe, mpaka mto ulipofurika ukachukua familia moja iliyokaa mbali, ambayo haikumsikia. Baada ya msiba ule kijiji kikachanga, kikanunua kipaza sauti, kikakitundika kwenye nguzo karibu na daraja, na maiki yake ikawekwa katika ofisi ya kijiji pale pale.

Siku ya kwanza kilipowashwa watu walitazamana. Sauti ya Kangero ilitoka kama ya mtu mwenye uji wa moto kinywani. Muuzaji hakushtuka.

"Ni kipya, bado kikavu," alisema. "Kipigeni kila siku. Kitafunguka chenyewe."

Basi kikapigwa. Kila asubuhi Kangero alisema maneno yale yale: mvua ikizidi, pandeni kanisani. Kisha nyimbo zikafuata mpaka jua kali. Baada ya muda watu wakaanza kuambiana kwamba kweli kimefunguka. Hata Nanzia, mke wa Kangero, aliyekuwa wa kwanza kulalamika, alimwambia mumewe, "Sasa nakusikia vizuri hata nikiwa shambani."

Wakati huo mjomba wangu alioa. Mkewe, Nakiete, alitoka huko tambarare. Asubuhi yake ya kwanza kwetu alisimama uani akisikiliza, kisha akamgeukia bibi yangu, mama mkwe wake.

"Mama, yule baba anasema nini?"

"Anasema mvua ikizidi tupande kanisani."

"Mbona mimi nasikia ngurumo tu?"

"Utazoea, mwanangu. Hata sisi kilitusumbua kabla hakijafunguka."

Nakiete alisema, "Kama kimefunguka, mama, mbona kwangu kimefungwa?"

Bibi alimwambia kwa upole kwamba bibi harusi habishani na kijiji kizima. Nakiete akashika ufagio, akafagia.

Masika ya mwaka ule yalikuja vibaya. Mvua haikupumzika. Ukungu ulishuka ukafunika mlima wote, tukawa tunaishi kama watu waliofunikwa blanketi lenye maji. Kisha mambo ya ajabu yakaanza. Chemchemi iliyokuwa safi tangu enzi za mababu ikatoa tope jekundu. Migomba ya juu ikainama upande mmoja bila upepo. Mbuzi walikataa kwenda malishoni. Na kutoka ndani ya ukungu tulisikia mlio mzito, unakuja na kukatika, kama mtu anayesaga nafaka kwenye jiwe kubwa chini ya ardhi. Wazee waliusikia. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuutaja.

Mchana mmoja mwinjilisti alishuka mbio kutoka kanisani, hana hata viatu. Nyuma ya kanisa ardhi ilikuwa imepasuka, na ufa ulikuwa ukipanuka akiutazama. Alimkimbilia Kangero, na Kangero akashika maiki. Maneno aliyosema tuliyajua baadaye: "Msipande kanisani. Mlima unapasuka. Vukeni daraja, nendeni mnadani."

Lakini kijiji kilisikia kile kilichozoea kusikia. Watu walibeba watoto, wakafunga vitu kwenye kanga, wakaanza kupanda kanisani. Bibi alinishika mkono nasi tukatoka. Mvua ilitupiga machoni. Mbele yetu watu walikuwa wakiingia kwenye ukungu mmoja mmoja na kupotea. Mlio ule wa kusaga sasa haukukatika tena, na niliusikia kwa nyayo zangu kabla ya masikio.

Nakiete hakupanda. "Mama, anasema nini?" aliuliza.

"Tupande kanisani. Twende, mwanangu, usichelewe."

"Mimi sijaelewa hata neno moja. Naenda kumuuliza mwenyewe."

Bibi alimwita, lakini alikwisha kukimbia kuelekea darajani. Tukaendelea kupanda. Hatukufika mbali, Nakiete akatupita akihema, kanga imemganda mwilini, akasimama mbele ya watu katikati ya njia na kunyoosha mikono yote miwili.

"Rudini. Amesema msipande, tuvuke daraja twende mnadani."

"Tupishe, binti," alisema mzee mmoja. "Tumemsikia kwa masikio yetu."

"Mmesikia neno 'kanisani' tu. Kabla ya kanisani amesema nini?"

Niliona nyuso za watu wazima zikibadilika, na hilo lilinitisha kuliko mlio wa mlima. Kila mmoja alikuwa akitafuta neno lile kichwani mwake na halipati. Bibi akawa wa kwanza kugeuka. Mkono wake ulinibana hadi nikaumia.

Tulivuka daraja maji yakilamba mbao. Tulipofika mnadani mlima uliachia. Hatukuuona, kwa sababu ya ukungu. Tuliusikia ukishuka, miti ikivunjika kama vijiti vya jikoni, halafu harufu ya udongo mbichi ikatufikia, nzito, kama ya kaburi linapochimbwa. Ukungu ulipopanda, pale palipokuwa na kanisa hapakuwa na kitu.

Kangero alikuja wa mwisho, akipita kati yetu na kutazama kila uso.

"Nanzia yuko wapi?"

Nanzia alikuwa miongoni mwa wale wa mbele, ambao Nakiete hakuwafikia. Alikuwa mwepesi wa kutii sauti ya mumewe.

Baada ya maziko maneno yakazuka. Wengine walisema kipaza sauti kiliharibiwa na mvua siku ile ile, kwani kilikwisha kufunguka, kila mtu alikuwa shahidi. Kangero hakubishana. Alikwenda kijiji jirani, ambako walikuwa wamenunua cha aina ile ile kwa muuzaji yule yule na bado kimo ndani ya boksi. Alikiazima, akakitundika kando ya kile chetu, akatuomba tugeuke tutazame mto. Mjomba akawa ofisini, akisema kwenye maiki maneno ya kila asubuhi, mara kwa kile cha zamani, mara kwa kile kipya.

"Mnasikia?" Kangero aliuliza.

"Tunasikia vizuri."

"Kipi ni kipi?"

Hakuna aliyeweza kuvitofautisha. Kisha mjomba akasema jambo ambalo hatukuwahi kulisikia, na katika vyote viwili ikatoka ngurumo tupu. Nakiete, aliyesimama kando, alifunika uso akalia.

Sisemi kitu kipya hakilegei hata kidogo, wajukuu zangu. Kiatu hulegea, na pengine spika nayo hulegea kiasi. Lakini kile chetu hakikuwa kimebadilika. Tuliobadilika ni sisi. Tuliyajua maneno kwa moyo, tukadhani tunayasikia.

Kangero alisimama chini ya nguzo ile. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, na kila mtu alimwelewa.

"Mke wangu alinisikia kila siku. Siku nilipomwambia neno jipya, akasikia la zamani. Chombo hakizoei, huzoea sikio."