Mgiriki Akinyamaza

"Mgiriki akinyamaza, peleka isale." Mmenisikia nikimwambia mama yenu hivyo asubuhi, mkacheka, mkaniuliza Mgiriki gani huyo. Haya, endeleeni kumenya ndizi. Masikio hayana kazi, nipeni mimi. Neno hili lilizaliwa hapa hapa mlimani, na mimi nilikuwapo.

Nilipokuwa msichana, shamba la kahawa lililo juu yetu lilikuwa la ndugu wawili Wagiriki, Bwana Stavro na mdogo wake Tanasi. Mwaka huo jua lilitupiga vibaya. Migomba ilianza kukunja majani, na wanawake walishuka hadi korongoni kuchota maji. Babu yangu, Mzee Nderingo, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mfereji. Aliwaomba wale ndugu waturuhusu tuchimbe mfereji mpya upite shambani mwao, nao wakakubali. Tulichosubiri ni mvua ndogo ilainishe ardhi.

Basi mchana mmoja tukasikia ugomvi huko juu. Kigiriki hakuna aliyekijua, lakini masikioni mwetu kilikuwa vita. Maneno yalitoka mbio yakikanyagana visigino, mengi yakiishia kwa sss, kama nyama inayotupwa kwenye mafuta ya moto. Sauti zilipanda na mikono ikarushwa. Tukaona maji yetu yanapotea. Babu akakata jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani na kuombea msamaha kwa jani lake, akalifunga fundo, akapanda nalo.

Alipoliweka mezani, wale ndugu walinyamaza wakamtazama. Babu akawasihi wasigombane, maana wakitengana wao, migomba yetu ndiyo itakayokufa.

"Mzee, nani anagombana?" Tanasi akauliza kwa Kiswahili.

"Nyinyi. Mji mzima umewasikia."

Tanasi alimtazama kaka yake, wakacheka hadi wakafuta machozi. "Mzee, tulikuwa tunakubaliana," akasema. "Mama yetu alikuwa anakamulia ndimu kwenye maharage, na sote wawili tunasema ndivyo yanavyopendeza."

Wakamkalisha, wakampa maharage yenye ndimu. Aliporudi tulimcheka wiki nzima, hata watoto wakamwita Mzee Maharage. Naye hakukasirika, alisema maharage yalikuwa matamu.

Mvua ikanyesha na majembe yakanolewa. Ndipo huko juu kukawa kimya. Watu wakafurahi, wakasema afadhali leo Wagiriki wamepumzika. Siku ya pili kimya tena. Babu akaacha chakula chake, akaenda mpakani kukata isale. Wenzake wakamtania kwamba safari hii anakwenda kuyapatanisha maharage na ndimu. Akashika njia. Mimi nilimfuata nikiwa nimembebea kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi.

Tuliwakuta barazani, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wamepeana migongo. Kumbe njia ya mfereji ilipita pale pale penye mti wa ndimu. Tanasi aliuotesha kwa mbegu aliyopewa na mama yao walipoagana, na mama alikuwa ameshafariki. Stavro alisema ahadi ni ahadi, mti ung'olewe. Tanasi alisema akiung'oa, wagawane shamba, na mfereji usipite kwake. Baada ya hapo hawakusemezana tena.

Babu akaliweka jani sakafuni katikati yao. Aliumia kuwaona vile.

"Wanangu, mngepiga kelele ningekuja jana," akasema. "Mfereji si fimbo. Mimi nimeupindisha kwenye mawe na kwenye makaburi ya wazee. Utauzunguka mti wa mama yenu, na mti utakunywa."

 Kisha Stavro akasema neno moja, dogo. Tanasi akajibu mawili. Stavro akasimama. Mara mikono ikaruka, sss ikachemka, sauti zikapanda hadi kuku wakakimbia barazani. Babu akavuta kiti, akaketi, akaniambia nimmiminie mbege. Alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Huko chini watu walipousikia ule mzozo, wanawake walipiga vigelegele, na wanaume wakachukua majembe.

Ndizi hizo mnazomenya zinakunywa maji ya mfereji huo. Nendeni mkautazame, una kona moja kubwa isiyo na jiwe wala kaburi. Mti wa ndimu bado upo.

Sasa sikilizeni. Baba yenu na baba yenu mdogo hufokeana kila jioni juu ya mpira, juu ya ng'ombe, hata juu ya chumvi, nami nikiwasikia hulala vizuri. Tangu Jumapili wanasalimiana kwa adabu. Manka, weka kisu chini, mjukuu wangu, uende mpakani ukanikatie jani moja bichi. Mgiriki akinyamaza, peleka isale.