Mama wa Kwaya Kwenye Runinga ya Waingereza

Haya wapendwa, wekeni Biblia magotini mnisikilize, maana jambo hili likinijia siwezi kusimama sehemu moja!

Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya, tuseme mtu wa kanisa kama hili letu, aliyehamia Uingereza na mumewe na watoto. Siku moja familia ikaitwa kwenye mchezo wa runinga. Mchezo wenyewe Waingereza waliuiga kwa Wamarekani, wakaupunguzia kelele kidogo. Familia inasimama nyuma ya meza ndefu. Watu mia wamekwisha kuulizwa swali mitaani, na ninyi mnabahatisha wengi wao walijibu nini. Mmenielewa? Hawataki jibu zuri. Wanataka jibu la wengi!

Na zawadi? Tiketi za ndege za familia nzima! Jamani, mama huyu alikuwa na mama yake mzazi huku nyumbani, mgonjwa, hajawahi kuwashika wajukuu zake hata mara moja. Salamu zote alizotuma bibi huyo zilikuwa hizo hizo: "Mnakuja kuniona, au mnakuja kunizika?"

Basi wakapambana! Baba akapata, watoto wakapata, ukumbi mzima makofi! Likabaki swali moja, zamu ya mama.

Mtangazaji akamwambia, "Mama, taja kitu cha kwanza ambacho mtu hufanya akiamka asubuhi."

Mama akajinyoosha, akaweka kilemba sawa, akajibu kwa sauti ile ya kwaya, "Anapiga magoti na kumshukuru Mungu!"

Ubao wa majibu ukalia, eeeh! Hakuna hata mmoja.

"Pole sana, mama," mtangazaji akasema. "Wengi wamesema wanashika simu."

Tiketi zikaenda kwa familia nyingine.

Nawaona mnavyotikisa vichwa. Mnasema, "Masikini Waingereza, watu mia hakuna hata mmoja anayesali!" Ngojeni kwanza! Wakiwa wanatoka, binti yake akamwambia huku analia, "Mama, si ungesema tu simu? Leo asubuhi wewe mwenyewe umeishika kabla hata jicho la pili halijafunguka!"

"Najua, mwanangu," mama akajibu. "Lakini ningesemaje vile, na kanisa zima kule nyumbani litaangalia?"

Kanisa gani, wapendwa? Si ndio sisi? Wale watu mia hawakumtisha, maana yeye ni mmoja wao. Alituogopa sisi! Bibi mgonjwa amekosa kuwaona wajukuu kwa sababu binti yake alijifunza kwenye mabenchi kama haya kwamba ukisema ukweli wako utasemwa mpaka Krismasi. Tunawahubiria watu waje kwa Bwana kama walivyo, na wakija kama walivyo tunawakodolea macho.

Kwa hiyo leo siulizi nani alisali alipoamka. Najua mikono yote itapanda. Geuka, mwambie jirani yako kitu cha kwanza ulichofanya asubuhi ya leo. Sema kweli. Na wewe jirani, ole wako ucheke!