Refa Tusekile na Picha ya Kipa Matopeni

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya wanyama kusema, ni hii ya jana na juzi, simu zilipokwisha kuwa nyingi kuliko majembe, palikuwa na mji wa milimani, kwenye mvua isiyochoka na mashamba ya chai. Katika mji huo aliishi refa mwanamke, jina lake Tusekile.

Tusekile alikuwa refa kwelikweli. Alianza na mechi za shule, akazomewa. Akachezesha mechi za vijiji, akatukanwa. Akachezesha mechi za wilaya, akarushiwa chupa za maji, na nyingine hazikuwa za maji. Hakukimbia. Mwisho hata waliomzomea wakawa wakisikia yeye ndiye anayechezesha, wanasema basi leo atakayefungwa atakuwa amefungwa kihalali. Chama cha waamuzi kikampendekeza apewe beji ya kuchezesha ligi kuu. Beji ilikuwa moja. Aliyemfuata kwa sifa alikuwa Lugano, mshika kibendera wake, na wote wawili walijua kwamba Tusekile akiikosa, Lugano ataipata. Walijua, na hawakuwahi kuliongelea.

Sasa sikilizeni lililotokea.

Jumamosi moja ya mvua, Tusekile alichezesha mechi ya timu iitwayo Radi. Kipa wa Radi alikuwa Ambakisye, kijana mrefu, mtulivu, ambaye timu kubwa ya ligi kuu ilikuwa imekwisha kumwita aende kwenye majaribio. Lakini siku ile haikuwa yake. Mpira uliteleza, uwanja uliteleza, mabeki wake waliteleza. Alifungwa mpaka mashabiki wake wenyewe wakaanza kuondoka. Bao la mwisho lilimpita katikati ya miguu, naye akaanguka kifudifudi kwenye matope. Filimbi ya mwisho ikalia, wenzake wakatoka uwanjani, yeye bado amelala palepale.

Lugano, akiwa kando ya uwanja, akatoa simu yake kwenye begi, akampiga picha. Akamtumia Tusekile na maneno haya: dada Tuse, hii watu wasiikose.

Jioni Tusekile alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Akaitazama picha, akacheka. Hakuwa na kinyongo na yule kijana. Mtu aliyechoka hucheka ovyo. Akaandika chini ya picha: "Huyu si kipa, ni pazia la mlango. Kila mgeni anasogeza, anapita." Akaiweka kwenye ukurasa wake. Akafuta miguu, akalala usingizi mzuri.

Neno la mdomoni halirudi, lakini angalau upepo hulipeperusha. Neno la simu halipeperuki. Asubuhi mji mzima ulikuwa umecheka, na uliocheka ukasambaza. Mji wa jirani ukacheka, ukasambaza. Watu ambao hawajawahi kumwona Ambakisye akidaka hata chungwa wakamwita Pazia. Ile timu kubwa ikamwambia asubiri kwanza. Baadaye ikamwambia imekwisha kupata kipa mwingine. Na mama yake, Bupe, aliyekuwa akiuza tangawizi sokoni, akaitwa Mama Pazia. Wateja wakija mezani kwake wanapunga mikono kama wanaosogeza kitambaa, wanacheka, wanaenda kununua kwa mwingine.

Tusekile aliposikia hayo akaifuta ile posti upesi. Lakini ilikuwa kama kufagia njia huku ng'ombe wanapita. Wengine walikwisha kuihifadhi, na kila akiifuta kwake inachomoza kwa mwingine. Sasa kicheko kikageuka. Watu wakaanza kuuliza: refa anayemcheka mchezaji, atamhukumuje kwa haki? Yale mabao aliyoyakubali, aliyakubali kwa filimbi au kwa dharau? Na wenye macho makali wakasema, hii picha imepigwa kutoka ndani ya kamba inayozuia mashabiki, kwa hiyo refa alikuwa na simu mchezoni. Hilo likithibitika, mtu hapewi tena filimbi mpaka anaingia kaburini.

Chama kikamsimamisha. Beji ikasimama. Tusekile akaitwa kwenye kikao.

Kaka yake, Asajile, fundi simu, akamjia na dawa. Akamshauri aseme ukurasa wake uliingiliwa na wezi wa mtandaoni. Yeye mwenyewe angetengeneza ushahidi, na hakuna mjumbe hata mmoja ambaye angeweza kuupinga. Tusekile, tusimsingizie, alitamani. Alijiona amerudi uwanjani, beji kifuani, na yote yamesahauliwa. Kisha akasema, "Kaka, mimi kazi yangu ni kusema lililotokea. Nikisema lisilotokea, hata wakinirudishia filimbi, nitapuliza nini?"

Akajifunga kanga, akaenda kwa Bupe.

Mvua ilikuwa inanyesha. Vijana wa jirani walipomwona wakatoka vibarazani, wakaanza kumzomea, mmoja akaokota tope. Bupe akafungua mlango wake, akawaambia wale vijana kwamba mgeni ni wake, si wao. Akamwingiza Tusekile ndani, akampa nguo kavu, akamketisha karibu na moto. Tusekile akataka kupiga magoti, Bupe akamzuia. Akamwambia aseme kwanza, magoti baadaye.

Tusekile akasema yote. Hakusema alichoka, hakusema alikuwa anatania. Alisema amemwumiza mtu asiyemkosea, na amekuja kusema uso kwa uso, kwa sababu aliandika akiwa hamwoni.

Bupe akamsikiliza huku akimenya ndizi. Tusekile alipomaliza, Bupe akamwambia, "Mimi nimecheka watu pia, mwanangu, ila kicheko changu kiliishia mlangoni. Chako kimeenda mpaka kwa watu nisiowajua. Kula kwanza."

Ambakisye alikuwa chumba cha pili, anasikia kila neno, na hakutoka. Tusekile alipoondoka, kijana akamwambia mama yake kwamba ataenda kikaoni, na atasema yule mwanamke asiguse filimbi tena. Bupe hakubishana naye. Akamwambia aende, ni haki yake. "Lakini ukishasema alilokukosea," akasema, "sema na lile uliloliona mwenyewe akilifanya. Usimhukumu kwa jicho moja."

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa chama, Bwana Mwasumbi, akamwuliza Tusekile kama maneno yale ni yake. Akajibu ni yake. Akamwuliza kama kuna mtu aliyeingilia ukurasa wake. Akajibu hakuna. Akamwuliza picha aliipiga saa ngapi, mchezo ukiendelea au umekwisha. Akajibu kwamba picha hakuipiga yeye.

"Nani aliipiga?"

Tusekile akasema, "Maneno ni yangu, Mwenyekiti, nayo ndiyo yaliyoumiza. Nihukumuni kwa hayo."

Wakamwuliza tena, akajibu vilevile. Mwenyekiti akawaambia wajumbe kwamba asiyemtaja mpiga picha ndiye mpiga picha, na simu mchezoni adhabu yake inajulikana.

Hapo Lugano akainuka. Alikuwa amekaa safu ya mbele, amevaa shati jeupe, kwa sababu watu walikwisha kumnong'oneza kwamba kikao kikiisha, beji ni yake. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu, na kukaa kimya si kazi ngumu. Akainuka. Akasema picha aliipiga yeye, filimbi ya mwisho ikiwa imekwisha kulia, kwa simu hii hapa, na aliyemtumia dada Tuse ni yeye. Akaiweka simu mezani waione. Watu wakaguna. Wengine wakamwita mjinga kwa sauti ya kusikika. Lugano akakaa.

Kosa la simu likamtoka Tusekile. Likabaki la dharau. Mwenyekiti akasema hilo hawezi kuliamua yeye. Litaamuliwa na aliyedharauliwa. Akamwita Ambakisye.

Kijana akasimama mbele ya watu waliomwita Pazia. Akaeleza alivyoikosa ile timu kubwa. Akaeleza mama yake alivyofanyiwa sokoni. Akasema kwamba ana hasira, na hataki mtu amwambie asiwe nayo. Tusekile alikuwa ameinamisha kichwa, kila neno anaona limemstahili.

Kisha Ambakisye akamtafuta mama yake kwa macho, akaendelea. Akasema kwamba mwaka uliopita walicheza ugenini, timu ya wenyeji ikataka penalti ya uongo dakika za mwisho. Mawe yakaanza kutua uwanjani. Polisi walijificha nyuma ya gari. Refa huyu alisimama katikati, mkono umeonyesha kona, hakuushusha.

"Jiwe lilimpiga bega nikiona," akasema. "Alisimama kwa ajili yetu, na hata majina yetu hakuyajua. Mimi kazi yangu ameiharibu, siwezi kusema hakuiharibu. Lakini yake msiiharibu. Mrudishieni filimbi."

Mvua ikasikika kwenye bati. Tusekile, ambaye hakulia kwa chupa wala kwa mawe, akalia.

Chama kikakubali kumrudishia filimbi, lakini si bila adhabu. Tusekile asichezeshe msimu ule wote, na aombe radhi palepale alipotukana, kwenye ukurasa wake, akijitaja kwa jina na kumtaja Ambakisye kwa jina. Akaomba. Lugano naye akasimamishwa kwa kuipiga na kuituma ile picha, beji ikampita. Mwaka ule haikupewa mtu. Ambakisye akaendelea kudakia Radi, akadaka vizuri hata wale waliomcheka wakaacha, lakini ile timu kubwa haikupiga simu tena.

Msimu uliofuata Tusekile akarudi, akaanzia chini, kwenye mechi za shule. Akapanda tena ngazi ileile aliyokwisha kuipanda. Na mwisho wa msimu akapangwa kuchezesha fainali ya mkoa, akaichezesha hata walioshindwa wakamfuata kumpa mkono.

Sasa mji ule una desturi yake. Fainali ikiisha, mpira uliochezewa hupewa refa. Naye, mbele ya watu wote, humkabidhi mtu mmoja anayemheshimu kuliko wengine mwaka huo. Jina la mtu huyo huandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa uwanja, na likiandikwa halifutwi. Mpira ni mmoja, jina ni moja.

Tusekile akaushika mpira, akaenda mpaka walipokaa Lugano, Ambakisye na Bupe. Akawaambia kwamba yeye kuchagua hawezi, basi waseme wenyewe.

Lugano akasema asipewe yeye. Apewe Ambakisye, kwa kuwa aliyechoma nyumba hasifiwi kwa kuleta maji. Watu wakasema kweli. Lakini mzee mmoja nyuma akajibu kwamba wachoma nyumba wako wengi, waletao maji ni wachache. Akauliza wangapi kati yao wangeitupa beji iliyokwisha kufika mkononi, wakati walichotakiwa ni kunyamaza. Watu wakasema hiyo nayo kweli.

Ambakisye akasema apewe mama, kwani yeye alikwenda kikaoni na neno jingine kabisa.

Wote wakamgeukia Bupe, wakidhani naye atamsukumia mwingine. Bupe akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Hawa wanaona haya, mimi sioni," akasema. "Mpira nautaka. Huyu alipokuja kwangu alikuwa adui, na vijana walikuwa na tope mkononi. Ningefunga mlango, nani angenilaumu? Nilimfungulia kabla mtu yeyote hajasema neno zuri. Wengine wote wamefuata nyuma yangu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Lakini Ambakisye hakucheka. Alikuwa anaufikiria ukuta, na jina ambalo halifutwi.

"Mama," akasema polepole, "ulinifundisha la kusema, nakushukuru. Lakini wewe leo bado una meza yako sokoni. Lugano mwakani atapata beji. Nilichopoteza mimi hakirudi, na nilikipoteza kwa mkono wa mtu niliyemwombea. Nilisema upewe wewe kwa heshima. Kama ni kwa haki, naudai mimi."

Bupe akamtazama mwanawe kwa muda, kama anayemwona amekua ghafla, na hakumkatalia.

Uwanja ukagawanyika. Hawa wanalia Lugano, hawa Bupe, hawa Ambakisye. Mchoraji amekwisha kufungua kopo la rangi, anasubiri aambiwe jina. Na Tusekile amesimama katikati yao na mpira kifuani, yeye aliyezoea kuamua kwa kufumba na kufumbua, na safari hii mkono hauinuki.

Mmemsikia aliyekataa kukaa kimya, mmemsikia aliyefungua mlango, mmemsikia aliyesamehe asichorudishiwa. Haya, ninyi mnaonisikiliza, mwambieni mchoraji: ukutani aandike jina la nani?