Saengkham na Shimo la Nguzo

Tulieni, watu wa Thakham, na wewe unayetafuna huko nyuma meza kwanza, maana jina nitakalolitaja halitajwi mdomo ukiwa umejaa. Zamani za mababu, kabla nchi hii haijaitwa Laos, kabla hata haijaitwa Nchi ya Tembo Milioni, ilipokuwa milima na misitu mitupu na huu mto Mekong unaoshuka kutoka kwenye theluji ambazo wewe hukuziona wala baba yako hakuziona, alikuwako Saengkham, mwana wa Khamvong, mwana wa Lueang Mfuga Tembo. Saengkham Mvunja Miamba, Saengkham Kifua cha Ngome, aliyeng'oa msaji kwa mikono miwili akaulaza juu ya korongo ili wazee wavuke.

Wazee wetu walikuwa wakimbizi, tusione haya kulisema. Nchi hii haina bahari. Imebanwa na wafalme pande zote, na wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Saengkham akawatoa watu wake kaskazini, akawapitisha kwenye milima ya ukungu, na siku ya kwanza watu arobaini wakatumbukia magengeni bila hata kupiga kelele. Ndipo alipotoa amri: kila hatua mia ataita, "Upo?" na kila mwenye pumzi ataitika, "Nipo!" Tangu amri ile hakupotea mtu. Miezi saba walikwenda wakiitana na kuitikiana, hata watoto wao wakajua kusema "nipo" kabla ya kujua kusema "mama."

Walipofika bonde hili waliwakuta watu wa miteremkoni, wenye ardhi, na watu wa vileleni wakashuka kuja kutazama. Watu wa makabila hayo matatu wakala wali wa kunata kutoka kapu moja, wakakubaliana kuwa taifa moja siku mji utakaposimamishiwa nguzo yake. Lakini nguzo ilisimamishwa mara tatu, na mara tatu mto ukaubomoa ukingo ukaimeza. Masika yalikaribia, jeshi la wafalme wa kusini lilikwisha kuonekana, na watu wa miteremkoni walianza kufunga mizigo. Hapo mwaguzi Thitpan akatamka: "Ardhi inataka mtu. Asikamatwe kwa nguvu. Mpiga upatu atapita alfajiri akiita, na atakayeitika wa kwanza ndiye atakayetangulia nguzo shimoni."

Saengkham akaapa mbele ya makabila matatu kwamba hatamkomboa yeyote, hata awe wa nyumbani mwake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, jamani! Aliapa upesi, kabla hajauliza mpiga upatu ataita kwa neno gani.

Mchana ule mkewe, Nang Khampheng, alikuwa ukumbini na binti yao Bualai, mwenye mimba ya miezi minane, aliyekuwa akifuma. Jirani akapita chini ya nyumba iliyoinuliwa juu ya miti, akaita kwa mazoea, "Upo?" Bualai hakuinua hata uso kwenye uzi. "Nipo!" akasema.

Loo! Nang Khampheng aliingiwa na baridi mpaka kwenye kucha. Akamtazama mumewe aliyekuwa mlangoni, na mumewe alikuwa amekwisha kugeuka rangi. Saengkham alikwenda kwa Thitpan mbio kumtaka abadili neno, na mwaguzi akamjibu, "Watu wako wanaitwa kwa neno uliloliweka wewe."

Siku iliyofuata ukungu ulipanda kutoka mtoni, mzito, ule ule wa milimani. Nang Khampheng alimfunga binti yake mdomo kwa kitambaa, akakaza mafundo mawili, akamkumbatia kwa nyuma. "Mama, nitanyamaza," Bualai alikuwa amesema kabla ya kufungwa, na mama hakumwamini, maana alijua kwamba hata yeye mwenyewe ulimi ulikuwa unamwasha. Upatu ukalia nyumba ya mbali. "Upo?" Kimya. Ukalia karibu. "Upo?" Kimya, nyumba nzima nzima zimejiziba midomo kwa viganja, wanaume kwa wanawake, na wewe unayejiona shujaa hapo ungejiziba vilevile.

Hatua zikasimama chini ya ngazi yao.

"Upo?"

Koo la Bualai likatikisika. Kitambaa kikateleza, na mama, akikikamata kwa mikono iliyolowa jasho, akaisikia sauti imeanza kutoka. Ndipo Saengkham, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanguruma kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto, ikaifunika ya binti yake: "Nipo!"

Msidanganywe na waimbaji wanaosema alikwenda akicheka. Aliogopa. Njia nzima mkewe alimshika mkono kama ashikwavyo mgonjwa, akilia, "Baba Bualai, waambie kuwa ulikosea!" Pale shimoni akawageukia makabila matatu akatamka: "Nilikula kiapo juu ya roho za watu wengine, na hilo ndilo kosa langu. Kaeni pamoja. Nami naogopa sana. Yeyote asiseme kwamba jambo hili ni jepesi." Kisha akashuka mwenyewe, nguzo ikafuata, udongo ukafuata.

Nguzo ilisimama. Jeshi la kusini likakuta mji wenye makabila matatu ndani, likarudi. Kama ni kwa sababu ya Saengkham au ya mawe mengi tuliyoyashindilia safari ile, mimi sibishani na mtu.

Mwaka wa tisa, mto ulipoingia sokoni, waaguzi wakasema lango la mtoni nalo lahitaji nguzo, na nguzo yahitaji mtu. Shimo likachimbwa. Nang Khampheng akaja na mkeka wake, akautandika humo, akaketi. Alikuwa anatetemeka kila mtu akimwona. Akasema, "Msipite mkiita. Mimi nimekwisha kuja, nifukieni mchana huu huu, na mjukuu wa Saengkham awatazame."

Jua likapanda, likashuka, na hapana aliyeshika jembe. Watu wa vileleni ndio waliotangulia kuondoka, kisha wa miteremkoni, kisha wa kwetu, hadi Thitpan akabaki peke yake na upatu wake. Akamnyoshea bibi yule mkono, akamtoa.

Lango la mtoni halijajengwa hata leo. Kila masika maji huingia sokoni, hupanda vipandio vitatu au vinne vya ngazi za nyumba zetu, nasi hupandisha mikeka na kuku darini, tukaketi tukiogopa, tukingoja yashuke.